Ndege kutoka Dodoma: piga hesabu ya mlango hadi mlango kabla hujalipa

Nauli ya ndege ina tabia za mwenye nyumba. Mnakubaliana kodi, mnapeana mikono, halafu siku ya kuhamia unaambiwa kuna ya maji, kuna ya mlinzi, na taka nazo zina mchango wake. Nimesafiri Dodoma–Dar kwa ndege mara nyingi, nyingine kwa fedha ya ofisi na nyingine kwa fedha yangu, na nakuhakikishia hizo ni safari mbili tofauti kabisa. Ya ofisi unaangalia saa. Ya kwako unaangalia salio la simu. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya huyu anayeangalia salio.

1. Amua kwanza kama ndege unaihitaji kweli

Watu hulinganisha saa moja ya hewani na saa nane za basi, wanalipa. Hesabu hiyo ni ya zamani, na hata zamani haikuwa kamili.

Chukua mtu anayekaa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, mwenye shughuli Posta, Dar. Bajaji hadi uwanjani ni kama dakika 20, maana uwanja wetu uko humu humu mjini. Anatakiwa afike saa moja na nusu kabla. Hewani ni saa moja hivi. Kushuka na kungoja begi, nusu saa. Kisha barabara ya Nyerere, ambayo asubuhi ikiamua kukuonea unaweza kukaa saa nzima na zaidi. Jumla: saa nne na ushee.

Sasa treni ya SGR. Ile ya haraka hutumia takribani saa tatu na nusu kutoka Dodoma hadi Dar. Ongeza saa moja ya kuwahi stesheni na dakika za kufika huko, unapata saa tano hivi, na unashukia mjini, si Kipawa kwenye uwanja wa ndege. Nauli zilizotangazwa treni ilipoanza kuja Dodoma Julai 2024 zilikuwa shilingi 31,000 kwa ya kawaida na 40,000 kwa ya haraka. Tiketi ya ndege mara nyingi inavuka laki mbili, na teksi ya uwanja wa Dar hujailipa. Kwa hiyo unanunua chini ya saa moja kwa zaidi ya laki moja na nusu. Wapo ambao saa yao ina thamani hiyo. Mimi simo.

Usinielewe vibaya, treni nayo si malaika. Julai hiyo hiyo ya 2024 TRC, Shirika la Reli, ilitoa taarifa ikiwataja ngedere na bundi kuwa chanzo cha hitilafu ya umeme iliyoisimamisha treni njiani. Mtaani tulicheka wiki nzima. Lakini ukichelewa kwa tiketi ya 40,000 unaumia kwa 40,000.

Ndege inashinda katika mambo machache: unaunganisha na safari ya nje ya nchi kwa tiketi moja, unaendelea mbele ya Dar, tuseme Mwanza au Zanzibar, na siku yako ni hiyo moja, unasafiri na mgonjwa asiyeweza kukaa kitako muda mrefu, au treni imejaa. Kama humo katika hayo, acha kusoma, nenda stesheni.

2. Elewa kwa nini bei inapanda, ndipo ujue siku ya kununua

Viti vya ndege moja havina bei moja. Shirika huvigawa katika mafungu. Fungu la bei ya chini likiisha, mfumo unahamia la juu yake, na kuendelea. Jirani yako wa kiti cha dirishani anaweza kuwa amelipa nusu ya ulicholipa wewe, na mnakunywa juisi ile ile. Na ndege zinazokuja huku mara nyingi si kubwa. Dash 8 Q400 ya ATCL, yaani Air Tanzania, ile ya mapangaboi, ina viti 76. Semina moja ya wizara inatosha kumaliza mafungu yote ya chini.

Hapo ndipo Dodoma inapotofautiana na miji mingine. Kalenda ya bei hapa ni kalenda ya Bunge. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti likiwa limekaa, Ijumaa jioni kila mtu anataka kushuka Dar, na Jumapili jioni au Jumatatu alfajiri kila mtu anataka kurudi. Ni wabunge, maofisa na wadau walioitwa kwenye kamati; madereva tu ndio wanaobaki na magari barabarani. Ukiweza, safiri Jumanne au Jumatano, au ukae kinyume na mkondo: ondoka Dodoma Jumatatu asubuhi wakati wao wanaingia.

Safari fupi pia haina unafuu tunaoutegemea. Ndege hula mafuta mengi zaidi inapopanda, na safari ya saa moja sehemu kubwa yake ni kupanda na kushuka. Ongeza ada za viwanja, ambazo hazijali umeruka mbali au karibu. Ada ya huduma ya abiria ni shilingi 10,000 kwa safari ya ndani na dola 40 kwa ya nje, na imeshafichwa ndani ya tiketi yako. Huna haja ya kumlipa mtu yeyote hapo mlangoni anayekudai.

Mbinu ndogo ambayo imeniokolea fedha: mkiwa familia ya watu wanne, usitafute viti vinne kwa mkupuo. Fungu la chini likiwa limebakiza viti vitatu, mifumo mingi inawapandisha wote wanne kwenye fungu la juu. Tafuta kwanza kiti kimoja, uone bei, kisha viwili, kisha vitatu. Bei ikiruka kwenye cha nne, nunua vitatu halafu kimoja. Ila mkiwa na mtoto mdogo mpigie simu wakala aziunganishe bukingi zenu, msije mkatenganishwa.

Na kabla ya kubonyeza lipa, soma masharti ya kubadilisha tarehe. Tiketi rahisi kabisa huwa ni ile ambayo ukitaka kuisogeza siku moja tu unatozwa faini pamoja na tofauti ya bei, na mwisho umelipa kuliko aliyenunua ya ghali. Kwa wafanyakazi wa serikali ambao kikao chao husogezwa kwa ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku, tiketi ya bei ya chini ni mtego.

3. Jina

Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachokibeba, herufi kwa herufi. Si kama unavyoitwa nyumbani, si kama lilivyo kwenye cheti cha shule. Sisi tuna balaa la tahajia: Khadija na Hadija, Rashid na Rashidi, Mwajuma na Mwajuma wa ukoo mwingine. Kwa safari ya ndani NIDA inatosha. Kwa ya nje, ni pasipoti peke yake inayozungumza.

Mama yangu mkubwa wa Kondoa alikatiwa tiketi na kijana wa mtaani kwa jina la kadi ya kliniki. Herufi moja. Kaunta ya Dar ikagoma. Nilisimama pale nikimbembeleza binti wa kaunta, "Dada yangu, mama ni mtu mzima, tusaidie," naye akiwa mpole lakini mfumo wake si mpole. Tulisahihishiwa dakika za mwisho kwa malipo. Makosa ya herufi chache mashirika mengi huyarekebisha ukiwahi kupiga simu siku kadhaa kabla. Ukingoja hadi asubuhi ya safari, unalipia wasiwasi wako.

4. Mzigo: alizeti, asali na zabibu

Soma kilo kwenye tiketi yenyewe, usikariri ya safari iliyopita. Kilo 23 kwa begi la chini na 7 za mkononi ni kawaida kwa ndege kubwa za ndani, lakini ndege ndogo zinazokwenda mbugani hukupa 15 tu, tena zinataka begi laini. Pima nyumbani. Kama huna mizani, muuza nafaka wa soko la Majengo anayo, na ukimnunulia kilo ya karanga hatakudai.

Tatizo la watu wa kanda ya kati ni kwamba hatujui kwenda kwa ndugu mikono mitupu. Dumu la mafuta ya alizeti la lita 10 linakula karibu nusu ya kilo zako, na likivuja umepaka mafuta mabegi ya abiria nusu ya ndege. Asali ya Itigi ni kimiminika, haijalishi ni nzito kiasi gani. Kwenye ndege za kimataifa kitu chochote cha aina hiyo kikizidi mililita 100 kwenye begi la mkononi kinabaki kwenye pipa la ukaguzi. Nimeona mzee wa watu akiiacha lita nzima pale, akamwambia askari, "Basi kanywe na chai, mwanangu." Zabibu mimi mwenyewe nilizifunga kwenye mfuko ndani ya begi la nguo, nikidhani nimezibana vizuri. Shangazi wa Mbagala alipokea juisi na shati langu jeupe likiwa la zambarau.

Ushauri wangu ni huu: mzigo upande basi, wewe upande ndege. Pale stendi ya Nanenane mabasi yanapokea vifurushi vya Dar, unapewa risiti, ndugu anakwenda kuchukua kesho yake. Kilo zinazozidi uwanjani huwa ghali mara kadhaa kuliko hiyo. Kuku wa Singida naye anapanda basi, usijaribu kunishawishi vinginevyo.

Pawabenki iwe mkononi, kamwe isiende kwenye begi la chini. Kiwango kinachokubalika bila maswali ni wati-saa 100. Zidisha namba ya mAh iliyoandikwa juu yake kwa 3.7 kisha ugawe kwa 1,000: ya 20,000 inatoka 74, inapita, ya 30,000 inatoka 111, hiyo inahitaji ruhusa ya shirika.

5. Kama unakwenda nje ya nchi: hapa ndipo watu wanapolia

Safari ya nje kutoka Dodoma huanza kabla ya ndege. Balozi nyingi bado ziko Dar, na alama za vidole za viza nyingi hutolewa huko, kwa hiyo weka kwenye bajeti safari nzima ya kwenda na kurudi ambayo hutaiona kwenye tiketi. Angalia pia kama unakokwenda au unakopitia wanadai kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kisha kuna suala la tiketi mbili. Mtu ananunua Dodoma–Dar kwa shirika moja, Dar hadi anakokwenda kwa shirika jingine, kila moja na namba yake ya bukingi, kwa sababu ameona ni rahisi kwa elfu themanini. Ndege ya Dodoma inachelewa saa mbili. Shirika la pili halimjui wala halidaiwi: kwenye vitabu vyake huyu ni abiria ambaye hakutokea. Na mara nyingi ukikosa kipande cha kwanza cha tiketi yako, vipande vilivyobaki, pamoja na cha kurudi, vinafutwa. Elfu themanini imezaa milioni mbili.

Kwa hiyo muulize wakala swali moja kwa maneno haya: "Unaweza kunikatia tiketi moja, namba moja, kuanzia DOD?" DOD ni kifupi cha uwanja wetu, DAR ni cha Dar es Salaam. Ikiwezekana, lipia hiyo hata kama imezidi kidogo, kwa sababu hapo kuchelewa kunakuwa mzigo wa shirika. Kaunta ya Dodoma ikikuwekea kitiketi kwenye begi, soma herufi tatu zilizoandikwa kwa wino mkubwa. Kama zimeandikwa DAR, utalichukua begi Dar na kulipeleka mwenyewe. Kama ni za mwisho wa safari, utalikuta huko.

Tiketi moja isipopatikana, nenda Dar siku moja kabla, kwa treni, ulale gesti ya Kipawa au Ukonga. Nimewahi kuambiwa huo ni ushamba. Gesti ni elfu kadhaa na usingizi ninaupata. Asubuhi kumbuka kwamba Dar majengo ya abiria ni zaidi ya moja: ndege za kimataifa ni Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019, na za ndani kwa kawaida ni Jengo la Pili. Hayako mlango kwa mlango. Mwambie dereva mapema.

6. Siku yenyewe

Fika mapema, kitambulisho mfukoni si kwenye begi, mkanda na funguo kwenye koti. Kula nyumbani. Maji ya chupa na sambusa za uwanjani zina bei yake.

7. Ndege ikichelewa au ikifutwa

Mara nyingi ndege unayoingoja Dodoma haijalala hapa. Inatoka Dar, ambako huenda imetoka Mwanza. Ikikwama kule saa kumi na mbili asubuhi, wewe unaumia saa tatu. Usikae ukitazama ubao. Fungua Flightradar24 kwenye simu, ni bure, uone kama ndege imeondoka Dar. Kama haijaondoka, tangazo lolote la "dakika 30" ni la kuwatuliza.

Pia ndege za mashirika yetu ni chache, moja ikiugua hakuna ya akiba. Mwaka 2022 injini za Pratt & Whitney za Airbus A220 zilisumbua nchi nyingi, na ATCL ililazimika kuziweka chini baadhi yake. Abiria wa Dodoma hana habari na injini, yeye anaona ujumbe mfupi tu.

Mimi niliwahi kuahirishiwa mara tatu asubuhi moja, na shirika silitaji. Saa mbili, kisha saa nne, kisha "tutawajulisha". Karibu yangu alikaa kijana mwenye usaili Dar, amevaa tai, kila tangazo anailegeza kidogo. Saa tano nikafanya nilichopaswa kufanya saa tatu: nikaenda kaunta, nikatoa salamu, nikauliza mambo manne, na wewe uyaulize kwa mpangilio huo huo. Sababu ni nini, na naweza kuipata kwa maandishi? Ndege ijayo yenye nafasi ni ipi, na unaniweka sasa hivi? Chakula na maji vinatolewa? Nikiamua kuacha, narudishiwa fedha kamili, kwa njia ipi na siku ngapi?

Usipige kelele. Huyo dada wa kaunta hakuivunja ndege, na ndiye mwenye vidole juu ya viti vilivyobaki. Usiondoke uwanjani kwa hasira bila kuandikishwa kuwa umeacha kwa sababu ya kuchelewa kwao. Ukiondoka kimya unaweza kuhesabiwa kuwa wewe ndiye hukutokea. Piga picha ya ubao, tunza ujumbe wote, tunza risiti za teksi na chakula.

Malalamiko yaende kwanza kwa shirika, kwa barua pepe, yakiwa na namba ya bukingi, tarehe, na kiasi unachodai. Wakikaa kimya au wakikujibu kwa mafumbo, peleka TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, TCAA-CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa abiria. Na ukiwa umeacha safari kwa hiari yako kwa tiketi isiyorudishwa, omba angalau ada za uwanja ambao hukuutumia. Mashirika mengi hayatakuambia mpaka uulize.

Kama una mtoto au ndugu anayerudi kutoka Ulaya, mpe hii: ndege yoyote inayoondoka katika nchi ya Umoja wa Ulaya iko chini ya kanuni namba 261 ya 2004. Safari ya zaidi ya kilomita 3,500, na Amsterdam hadi Dar inazidi hapo mbali, ikifika kwa kuchelewa sana kwa sababu iliyo mikononi mwa shirika, abiria anaweza kudai hadi euro 600 taslimu. Wasimpoze kwa vocha ya chakula.

8. Begi lisipotokea

Usitoke nje ya ukumbi wa mabegi. Nenda kwenye dawati la mizigo, ujaze fomu, upewe namba ya kumbukumbu, upige picha fomu hiyo na kitiketi ulichobandikiwa Dodoma. Ukishatoka nje, kazi ya kuthibitisha inakuwa yako.

Kwa safari za kimataifa zinazotawaliwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika liripotiwe kwa maandishi ndani ya siku 7. Lililochelewa, dai ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likipita siku 21 bila kuonekana, unaruhusiwa kulihesabu limepotea. Kikomo cha fidia tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ambazo ni kama dola 2,000. Hicho ni kikomo, si zawadi: watakulipa thamani unayoweza kuionyesha, ndiyo maana picha ya begi likiwa wazi kitandani kabla ya kulifunga ina kazi. Na kesi ina miaka miwili tu tangu siku ya kufika.

Dhahabu, laptopu, vyeti na dawa za mgonjwa havikupaswa kuwemo humo tangu mwanzo.